Mlango wa Kushoto

Jumapili, 6 Oktoba

Mama Lulu kaninunulia daftari hili kwa sharti moja: hasira za mpira ziishie humu. Anasema nikirudi kutoka uwanjani napiga kelele mpaka jirani wa chini anagonga dari yake kwa ufagio, na Lulu ameshajifunza maneno ambayo mtoto wa darasa la kwanza hapaswi kuyajua. Sawa, naandika. Lakini sijakubali kwamba napiga kelele. Sisi watu wa Bukoba tukisema, tunasema tusikike.

Atakayeliokota daftari hili ajue naitwa Ladislaus. Siku za kazi nashona magodoro kiwandani Jacobs, na Jumamosi nacheza mpira wa Kimarekani katika timu ya Nyundo. Ndiyo, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Watanzania wenzangu hapa Durban wakisikia wanacheka, na mimi nawaacha wacheke. Katika mchezo huu kuna mtu mmoja anaitwa kwotabeki. Mpira ukianza unakwenda kwake, naye ama aurushe mbali kwa mwenzake, ama amkabidhi mtu mkononi akimbie nao. Mbele yake tunasimama watano, ukuta. Kazi yetu ni wapinzani wasimfikie. Mpira hatuugusi, hatufungi, hatupigwi picha.

Mimi nasimama kushoto kabisa. Anayerusha kwa mkono wa kulia, akijiandaa, mgongo wake unaelekea kushoto, na kinachokuja huko hakioni. Huo mgongo naulinda mimi. Ndiyo nafasi ya heshima kuliko zote ukutani, na nimeishika miaka minne. Sisemi kwa kujisifu. (Mama Lulu akifika hapa atacheka.)

Jana mazoezi ya kwanza. Kwotabeki mpya anaitwa Israël, kijana wa Kikongo, fundi simu katika duka la kocha wetu Salvator kule Overport, milango michache kutoka saluni ya Mama Lulu. Mwembamba, mpole, ana shabaha. Kosa lake la kwanza alilifanya palepale. Alimkabidhi mpira Doudou, mkimbiaji wetu, dereva wa lori la bandarini na mkubwa wetu kwa umri, kwa mkono wa kushoto. Doudou akasimama kama lori lililozima.

"Weye kijana, unanipatia kitu na mukono ya kushoto? Miye niko rika ya baba yako."

"Pardon, vieux," akasema Israël, yaani samahani mzee, akauhamishia mpira kulia.

Tulicheka wote, mimi zaidi. Samaki mkunje angali mbichi. Hata akiwa Durban bado ni mtoto wa Kiafrika, na lazima ajue kutoa kitu kwa mkono wa kulia.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Hakuna mazoezi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kocha Salvator alituita dukani kwake akapanga vizibo vya soda juu ya kaunta. Kizibo cha Fanta ni Israël. Vya Coca ni sisi.

Nimeudhika. Sisi watano tunapangwa kama viatu vya bwana harusi. Israël mfupi, haoni mbele akisimama nyuma ya Marwa, basi Marwa aliyekuwa katikati tangu timu ianzishwe apelekwe pembeni, Dominiki mfupi aingie katikati. Israël anahitaji muda wa kutazama, basi sisi turudi nyuma taratibu, tumjengee nyumba, yaani tumzunguke pande zote na yeye asimame ndani. Kila mpinzani wa pembeni tumsukumie nje, apite nyuma ya nyumba. Israël akisikia vishindo mgongoni, apige hatua mbele, kwenye sebule. Asitoke. Nyumba ni salama mradi mwenyewe akae ndani.

"Na mulango ya nyuma?" akauliza Kocha, akigusa kizibo cha kushoto.

"Mimi," nikasema.

"Voilà. Hapo hapana pita mutu."

Kwa nini hakuna anayeuliza sisi tunahitaji nini? Lakini mpango ni mzuri, nakiri.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumefungwa, na aliyefungwa zaidi ni mimi.

Niandike kwa utaratibu ili nisipige kelele. Mpinzani wangu, wa timu ya Pinetown, alikuwa na shingo kama gunia la mchele. Nilimpokea, nikamsukumia nje kama tulivyopanga, akawa anapita nyuma ya nyumba, akielekea kusikokuwa na kitu. Nageuka, namkuta juu ya Israël. Israël yuko chini. Nikadhani ni bahati mbaya. Kipindi cha pili ikawa vilevile. Mara ya tatu niligeuka mapema nikaona kwa macho yangu: Israël katoka sebuleni, kakimbilia kushoto na nyuma, kaenda mwenyewe kumkumbatia yule mtu niliyekuwa namtoa nje! Mlinzi unamfukuza mwizi hadi getini, mwenye nyumba anamfuata barabarani!

Kocha akaniita mbele ya wote, mbele ya wake zetu na watoto wetu. "Ladislaus, franchement, kusema kweli, mulango yako iko wazi."

Nikasema, "Kocha, huyu kijana anatoka ndani ya nyumba."

"Kwotabeki anaanguka, unalaumu kwotabeki? Ukuta ndiyo ilivunjika."

Na Israël? Kainamisha uso, anafungua kamba za viatu. Neno moja tu lingetosha: ni mimi niliyetoka. Hakulisema. Nimerudi nyumbani, na wali wa Mama Lulu umenishinda.

Jumanne, 15 Oktoba

Kinyozi wa Overport ameniona napita akaita, "Mlango! Leo umefungwa?" Duka zima likacheka. Nimepita zangu. Nimejibu hapa: ndevu zangu atazisikia kwa jirani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua imeufanya uwanja bwawa. Mechi imeahirishwa. Afadhali.

Jumamosi, 26 Oktoba

Yaleyale. Mvua ilikatika saa moja kabla ya mechi, jua likatoka na lile joto zito la hapa linalokufanya uvae hewa kama blanketi. Mara mbili Israël aliangushwa upande wangu. Mara mbili alijipeleka. Halafu kwenye kumkabidhi Doudou, Doudou akipita upande wa kushoto, Israël anazungusha mwili mzima ili ampe kwa mkono wa kulia, anachelewa, mpira unaanguka. Nani kalaumiwa? Ukuta. "Munamutia presha," anasema Kocha. Mpira umeanguka kati ya mikono minne, hakuna hata mmoja wangu, na presha ni yangu!

Jumapili, 27 Oktoba

Kuna mtu karusha video kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wote wa Durban. Ni mimi, nimegeuka na mikono juu, na Israël yuko chini. Wameandika: Mlango wa mwenye duka aliyelala. Kanisani padri kanishika mkono akatabasamu kupita kiasi. Hata padri!

Alhamisi, 31 Oktoba

Sasa mambo yamefika pabaya. Kocha kasema mechi ya tarehe tisa ni ya mwisho kwangu kushoto nisipobadilika. Ataniweka benchi, atamtoa Pascal kulia ambako hakuna shida amlete kwangu. Pascal ni kijana mzuri, nilimfundisha mimi kuweka miguu. Kaniambia, "Vieux Ladis, sikuomba mimi." Najua hakuomba.

Watu watasema ni mpira tu. Kiwandani naitwa kwa namba. Kwenye ofisi za vibali naitwa "next". Jumamosi peke yake kuna watu kumi wanaosema mgongo uko salama kwa sababu Ladislaus yupo. Hicho ndicho ninachonyang'anywa, na ninanyang'anywa kwa kosa la mtu mwingine.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo hakuna mechi. Leo sina maneno ya kuandikika.

Jumamosi, 9 Novemba

Israël ameumia.

Nililinda kama sijawahi kulinda. Kipindi cha kwanza hakuguswa. Nikasikia Mama Lulu akipiga vigelegele, peke yake, bila aibu, Mungu ambariki. Kipindi cha pili ikaja ileile. Nampeleka mtu wangu nje, Israël anageuka kwa kisigino, anazunguka kushoto, na safari hii mbio za mtu yule zilikuwa zimekolea. Alimpiga mbavuni upande wa kulia. Nilisikia pumzi ya kijana ikitoka.

Kwetu ukutani kuna desturi: kwotabeki akiangushwa, anayemwinua ni yule ambaye mtu wake kamwangusha. Nilikuwa na hasira ya kumwacha hapo alale. Lakini desturi ni desturi. Nikamnyooshea mkono. Akanipa wa kushoto, kisha kama aliyeungua akaurudisha haraka, akatoa wa kulia, upande ulioumia, akauma meno nikimvuta. Nikadhani kachanganyikiwa.

Tumefungwa. Kocha hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, "Ladislaus, imetosha." Imeniuma kuliko zile kelele. Mbavu za Israël hazijavunjika, daktari kasema zimepondeka, apumzike siku kumi. Mechi ya mwisho ni tarehe thelathini. Atacheza. Ambaye hatacheza ni mimi.

Jumanne, 12 Novemba

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Nilirudi kutoka kazini nikaanza kumsema Israël, na nilimsema vizuri. Nikasema ni mwoga, mnafiki, anaona mtu mzima anachinjwa kwa ajili yake na anafungua kamba za viatu. Mama Lulu alikuwa anakatakata mchicha. Akaniacha nimalize, kisha akasema:

"Baba Lulu, yule mtoto mbona anarusha kwa mkono wa kulia?"

"Arushe kwa mguu?"

"Yule ni wa kushoto. Kila siku nampita pale dukani. Bisibisi kushoto, kijiko kushoto. Akiingia mtu mzima tu, anahamisha. Mimi nilijua mnajua."

Nikaacha chai yangu. Nikateremka hadi Overport kwa miguu, mvua ikininyeshea, sikusimama hata kwenye robot nyekundu, yaani taa za barabarani, dereva wa taxi akanitukana kwa Kizulu, nikaendelea na safari. Nikasimama nje ya duka, nikatazama kupitia kioo. Israël kainamia simu iliyofunguliwa tumbo, kashika bisibisi nyembamba kwa mkono wa kushoto, skrubu ndogo kama mbegu za ufuta anazitoa moja moja bila kutetemeka. Mkono wa kulia umelala tu mezani. Nikaingia. Bisibisi ikahama kabla sijasema habari za jioni.

"Irudishe," nikamwambia.

"Nini, vieux?"

"Bisibisi. Irudishe ilikokuwa."

Akairudisha. Kisha akaanza kuongea, na kijana huyu nisiyewahi kumsikia akisema sentensi mbili akasema nyingi. Nyumbani, mama yake, Mama Élisabeth, alikuwa anamfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula. Shuleni walimpiga fimbo. Alipofika Durban akaona watu wanaandika kwa mkono wautakao na hakuna anayepiga kelele, akaanza kurusha mpira ufukweni na vijana wa hapa, kwa kushoto, na mpira ukawa unakwenda anakotaka. Akaja kwetu.

"Siku ya kwanza vieux Doudou alinikaripia. Nyote mulicheka. Nikasema, sawa, hapa iko kama nyumbani."

"Na kutoka ndani ya nyumba?"

"Sitaki kutoka, vieux. Mutu akikuja, mwili unakimbia kushoto. Yenyewe. Mukono unataka kurusha kwa kule. Nikifika kule nakumbuka siruhusiwi."

"Ungesema! Mimi nimeitwa Mlango mji mzima!"

"Ningesema namna gani? Nyinyi ni bakubwa."

Nilikwenda pale kumgombeza mtu, nikabaki na ugomvi mkononi sijui nimpe nani. Tulimkunja samaki huyu mpaka mwiba ukatuchoma wenyewe. Ukuta mzima umepangwa kumzunguka Israël: kimo chake, macho yake, miguu yake. Mkono wake hakuna aliyeuuliza! Mama Lulu kasema mficha uchi hazai. Nami nasema, na wanaomvisha kwa nguvu je?

Alhamisi, 14 Novemba

Nimegombana na Kocha. Nilipanga vizibo mwenyewe kwenye kaunta yake, nikageuza kizibo cha Fanta.

"Akirusha kwa kushoto," nikamwambia, "uso wake unatazama upande wangu. Mgongo unaelekea kulia. Mwili ukikimbilia kushoto, unakimbilia anakoona. Tatizo limekwisha."

Salvator aliviinamia vizibo vile. Anaujua mpira, haki yake nimpe. Aliona mara moja. Lakini ni shemasi, mtu wa kushika adabu za wazee, na Doudou alikuwepo.

"Na kunikabidhi?" akauliza Doudou. "Mbele ya bantu wote, mutoto ananipatia na kushoto? Bibi yangu anakuyaka pale. Bana bangu banakuyaka." Yaani mke wake na watoto wake huja kutazama.

"Doudou, kijana kapondwa mbavu kwa ajili ya adabu yako."

"Adabu haiko yangu. Iko ya sisi wote. Weye ulicheka kuliko miye."

Kweli nilicheka. Nikakasirika zaidi kwa kuwa ni kweli. Nikawaambia tumevuka nchi ngapi, tumelala mipakani, tumebeba mifuko ya plastiki badala ya masanduku, na katika vyote tulivyoacha njiani tukaona hiki cha kuuadhibu mkono wa mtoto ndicho cha kuokoa? Nilisema kwa sauti. Mteja mmoja aliacha simu yake akatoka.

Kocha akainua mkono. "Ladislaus. Unaelewa unaomba nini? Mugongo ikihama kulia, mulango ya nyuma ni ya Pascal. Weye ukirudi, utakuwa mulango ya mbele. Ile yenye anaona yeye mwenyewe. Hakuna mutu atakutazama."

Niape, hilo sikuwa nimeliwaza. Nilitazama vizibo. Niko sahihi, na nikiwa sahihi napoteza nafasi yangu vilevile. Nikinyamaza naikosa kwa aibu, nikisema naikosa kwa haki. Eish.

Nikakisogeza kizibo cha Pascal mahali pake. "Kijana anajua kuweka miguu," nikasema. "Nilimfundisha mimi."

Jumanne, 19 Novemba

Kocha kakubali, nami kanirudisha kushoto. Nimemfundisha Pascal kulinda mgongo. Anauliza maswali mazuri. Inaudhi.

Alhamisi, 21 Novemba

Israël karudi mazoezini. Karusha kwa kushoto kwa mara ya kwanza mbele yetu. Mpira ulitoka bila kelele, ukazunguka vizuri, ukafika kifuani kwa mtu aliye mbali sana. Hakuna aliyecheka. Doudou hakuja, kasema lori limekwama bandarini.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua. Doudou kimya.

Jumamosi, 30 Novemba

Mawingu tangu asubuhi. Doudou alifika wa mwisho, tayari kavaa. Akaenda moja kwa moja kwa Israël.

"Sikia. Ndani ya mistari, nipatie na mukono yenye unataka. Inje ya mistari, kulia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, vieux."

Basi. Wiki mbili za ugomvi, na uamuzi wenyewe haukuchukua hata muda wa kufunga kofia.

Mechi ilikuwa na wale wale wa Pinetown. Shingo Gunia alikuja kwangu akicheka. Nadhani na yeye kaiona video. Nilimpokea, nikamsukumia nje. Israël akakimbilia kushoto kama kawaida yake, lakini safari hii uso wake ulikuwa umegeukia kwetu, anamwona yule mtu, ananiona mimi, akapita nyuma ya bega langu kama anayekwepa dimbwi, akarusha akiwa anakimbia. Bao. Kwa miaka minne nimewalinda watu wasioniona. Sikujua kwamba kuonekana kunabadilisha miguu. Nililinda kama ninayetazamwa na mama yangu.

Doudou alipokea kwa kushoto mara nyingi na hakuangusha hata mara moja. Mara ya mwisho alikimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, na mke wake, yule ambaye angeona aibu, alikuwa amesimama juu ya kiti.

Pascal mgongoni hakupitisha mtu. Watu walimshangilia kwa jina. Mimi hakuna aliyenitaja. Niliumia kidogo, naandika kwa sababu ni kweli.

Tumefungwa kwa pointi moja. Mpiga teke wetu alikosa kuupitisha mpira, kwa pointi za kutuokoa, kati ya milingoti miwili mirefu iliyosimama wazi mbele yake, mita chache, bila upepo! Miguu yake yote ni ya kulia, sina la kumtetea. Lakini safari hii hakuna aliyeutaja ukuta.

Mvua ilianza tukiwa tunapanda magari. Kocha alikuwa amempa Israël mpira wa mechi aende nao nyumbani. Nikamwona anakuja kwangu nao, tope limemjaa mpaka kope. Tulikuwa nje ya mistari, kwa hiyo alikuwa ameushika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama tulivyofundishwa sote.

"Vieux Ladis. Huu ni wako."

"Siyo kwa huo," nikamwambia. "Nipe kwa ule uliofanya kazi."

Akageuka kumtazama Doudou. Doudou alituona. Kisha akainama, akaanza kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Israël akahamisha mpira. Nikaupokea kwa mikono yote miwili. Miaka minne ukutani, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukabidhiwa.